Uzi: Mchungaji anataka tupime usharika wetu unavyofanya kazi pamoja. Tunapimaje bila kugombanisha watu?

#1 Katibu_Kusini
Wakuu salaam. Naomba mawazo, hasa ya ninyi mlioko Mtwara, Masasi, Newala, Nachingwea na Lindi, maana mazingira yetu mnayajua.

Ni katibu wa baraza la wazee kwenye usharika mmoja wa KKKT (Walutheri) huku Mtwara. Mchungaji wetu bado mgeni. Alituita wazee akasema kabla ya kupanga lolote la mwaka ujao anataka tujue nani anabeba nini katika usharika, anabeba na nani, na kazi zinakwama wapi. Kuna mtu kamtumia fomu ndefu iliyotafsiriwa kutoka nje. Nimeisoma yote. Swali moja linauliza kama washarika wanaridhika na maegesho ya magari, wakati wengi wetu tunakuja kwa miguu, wengine wanavuka mashamba mawili matatu.

Hali yenyewe ni hii. Jumuiya za nyumba kwa nyumba zimejaa kwenye daftari, zinazokutana kweli ni chache. Kwaya mbili hazisalimiani. Akina mama ndio wanaofagia, wanaopika, wanaotembelea wagonjwa, na kwenye harambee ndio wa kwanza kutoa. Vikao vya wazee tunahudhuria walewale. Nyumba ya mchungaji imesimama kwenye linta, juu ya madirisha tu, haijaezekwa.

Mimi naona watu hawajagawiwa kazi. Wazee wenzangu wanasema watu ni wavivu. Mchungaji anasema tuache kubishana, tupime kwanza. Tunapimaje?

#2 Shangani_Pwani
Naweka kambi hapa. Kwetu nayo nyumba ya mchungaji iko kwenye linta. Hii linta ina nini na Mtwara?

#3 Mwalimu_Mstaafu
Katibu, soma Nehemia 2 mstari wa 11 mpaka 16. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache, akaukagua ukuta uliobomoka. Viongozi wa mji hawakujua alikokwenda. Kusema nao kulikuja baadaye. Mchungaji wenu anafuata njia hiyohiyo na mimi namuunga mkono.

Lakini sura ya 3 ndiyo yako wewe. Kila kipande cha ukuta kimeandikwa pamoja na aliyekijenga, na wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Watekoi wameandikwa kwamba walijenga, na wakuu wao wameandikwa kwamba hawakutia shingo kazini. Kwa hiyo kabla ya fomu yoyote, kaa na daftari uandike vipande vya ukuta wenu: nani anafungua kanisa, nani ananunua mafuta ya jenereta, nani anafundisha watoto, nani anakwenda kwa mgonjwa. Vipande ambavyo havina jina mtaviona wenyewe.

#4 Mhasibu_Masasi
Mwalimu ameanza vizuri ila naona anazunguka. Watu hawafanyi kazi pamoja kwa sababu hawaoni hela yao. Nitaeleza kwa korosho, kwa kuwa hiyo kila mtu huku anaielewa.

Tangu stakabadhi ghalani, yaani kuuza korosho ghalani kwa mnada, ianze kwenye msimu wa 2007/2008, mkulima wa Mtwara amejifunza kuuliza. Anajua kilo zake alizopeleka AMCOS, chama chake cha ushirika, bei inatangazwa mnadani mbele yake, na makato anadai aelezwe moja moja. Malipo yakichelewa, mkutano wa chama unawaka moto. Sasa mtu huyohuyo Jumapili anakaa kwenye benchi anaambiwa "mapato ya ujenzi yanaendelea vizuri, Bwana asifiwe". Hakuna kilo, hakuna bei, hakuna makato. Ananyamaza kwa heshima, na Jumamosi ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, haji. Ninyi mnamwita mvivu.

Pimeni kitu kimoja tu: ulizeni washarika ni wangapi wanaoweza kutaja ujenzi umeshakula kiasi gani. Majibu yatawatosha.

#5 BibiWaNewala
Wanangu hamjambo. Mjukuu ndiye anayeniandikia.

Nauliza, hicho kipimo mnafanya lini? Kama ni Oktoba au Novemba, mtapima mikorosho, hamtapima kanisa. Watu wanalala mashambani kuokota. Juni na Julai wako kwenye kupulizia. Mkihesabu mahudhurio ya kipindi hicho mtasema imani imekufa, na Februari mtaona imefufuka.

#6 Katibu_Kusini
Shikamoo Bibi. Tulikuwa tumepanga Novemba. Nimeandika.

Mhasibu, taarifa ya fedha tunasoma kila robo mwaka.

#7 Mhasibu_Masasi
Mnaisoma au mnaibandika? Na ikishasomwa kuna nafasi ya swali, au kinapigwa kibwagizo?

#8 MtotoWaNachi
Kibwagizo 😂 Mhasibu umelenga.

Mimi naongea kama kijana wa kwaya. Hizo kwaya mbili zisizosalimiana, nakuhakikishia chanzo ni spika. Nani aliyenunua, nani anazitunza, nani anazikodisha kwenye harusi, na hela ya kukodisha inaingia mfuko gani. Kwetu tuliitiwa semina ya upendo. Tulisikiliza, tukala wali, tukaondoka, spika zikabaki kwa mtu yuleyule. Wazee wanapenda kutupima moyo, wakati ugomvi uko kwenye funguo za stoo.

Na kwenye baraza lenu kuna kijana? Siyo "kijana" wa miaka hamsini.

#9 Mtandi_Juu
Mimi Mwanglikana wa Masasi. Naona wote mnatafuta tatizo juu juu, wakati mizizi iko chini. Huku kwetu watu hawashikamani kwa kuitwa na katibu. Wanashikamana kwa ukoo wa upande wa mama, kwa mjomba, na kwa lika, yaani waliochezwa jando pamoja au waliotoka unyago mmoja. Askofu Huddleston alipoliona hilo akaanzisha jando la Kikristo, ili kanisa lisibaki nje ya kamba inayowafunga watu. Ukitaka kupima usharika, chora kwanza koo zilizomo. Nakuhakikishia zile jumuiya chache zinazokutana kweli ni za ndugu.

#10 Mikindani_Kale
Mkuu Mtandi_Juu, rekebisho dogo. Jando la Kikristo ni kazi ya Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi, aliyeanza mwaka 1926. Trevor Huddleston alikuja baadaye sana, 1960 hadi 1968, na anajulikana zaidi kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini.

Halafu hoja ya ukoo ina mpaka wake. Kanisa la Masasi lenyewe lilianza na watu wasiokuwa na ukoo mmoja. Mwaka 1876 Askofu Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alifika pale na watumwa walioachiwa huru, wa makabila mbalimbali. Mwaka 1882 Wangoni wakawashambulia, wakavunja kila kitu. Hao walijenga upya bila mjomba wala lika. Kwa hiyo watu wasio ndugu wanaweza kufanya kazi pamoja hapahapa kusini, ni historia yetu.

#11 Mtandi_Juu
Lucas, sawa. Ila hao wa 1876 walikuwa na kamba nyingine: walikuwa wamepitia shida moja. Usharika wa Katibu una shida gani moja?

#12 Shangani_Pwani
Linta.

#13 Muumini_Ndanda
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, niongezee kuhusu jumuiya.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana Nairobi mwaka 1973 kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, wakalirudia mwaka 1976. Wazo lilikuwa majirani wachache wasome Neno, wajuane na wasaidiane. Kwenye parokia nyingi jumuiya zinafanya kazi, mimi nimelelewa ndani yake. Lakini nitawaambia kinachopotosha kipimo. Ukitaka mtoto abatizwe, ukitaka kufunga ndoa, ukipata msiba, unaulizwa jumuiya yako. Kwa hiyo kuna watu wanaoonekana miezi miwili kabla ya ndoa, wanasaini daftari kila wiki, baada ya harusi huwaoni tena. Ukihesabu saini utasema jumuiya imekua. Katibu, usiamini daftari la mahudhurio peke yake. Uliza waliohudhuria walifanya nini walipotoka pale.

#14 MtotoWaNachi
Muumini_Ndanda, hao wa kabla ya harusi nawajua kwa sura. Mmoja ni kaka yangu.

#15 NesiLindi
Habari zenu. Nimesoma yote. Niwape njia tunayoitumia kwenye vikao vya afya vijijini, nimeshaitumia hata kwenye kanisa letu.

Fomu mnaiacha. Wengi hawaandiki kwa raha, na wanaoandika mwandiko wao unajulikana, kwa hiyo watawajibu mnachotaka kusikia. Mnatafuta makopo, kila kopo mnalibandika mchoro wa kazi moja: ufagio, sufuria, mgonjwa kitandani, tofali, watoto, kwaya. Mnayapanga chumbani, nyuma ya pazia. Kila mtu anapewa punje chache za mahindi na mbaazi. Mahindi anaweka kwenye kazi aliyoifanya mwezi uliopita. Mbaazi anaweka kwenye kazi ambayo angeifanya kama angeitwa. Anaingia mmoja mmoja, wanawake, wanaume na vijana kwa zamu tofauti, na mnamwaga na kuhesabu hapohapo mbele ya wote.

Mahindi mengi na mbaazi chache, hapo watu wamechoka. Mahindi machache na mbaazi nyingi, kazi hiyo watu wanaitaka lakini kuna mtu amekalia mlango. Kwetu mbaazi zilijaa kwenye kopo la kufundisha watoto, na sisi miaka yote tulikuwa tunasema hakuna anayetaka kufundisha.

La pili, mtu mmoja asiye mzee wa kanisa apite kwa watu aulize maswali mawili tu. Ukipata shida usiku, ndani ya usharika unamwendea nani? Na mwezi huu umefanya kazi ya kanisa na nani? Majibu unayachora, jina kwenye duara, mstari kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Utaona wanaofuatwa na wengi ni watu ambao hawana cheo chochote. Utaona pia makundi mawili yanayounganishwa na mtu mmoja tu, na siku huyo akihamishwa kikazi kanisa linakatika katikati. Mchoro huo usiubandike ukutani, kuna watu hawatakuwa na mstari hata mmoja, na ni aibu. Mpe mchungaji, awatembelee hao kwanza.

#16 Shangani_Pwani
Nesi, barikiwa. Hili la mahindi na mbaazi nalipeleka kwetu.

#17 Mlinzi_wa_Lango
Naomba nitofautiane. Daudi alihesabu watu, Mungu akakasirika, tauni ikaua watu elfu sabini. 2 Samweli 24. Kanisa ni la Roho. Mkianza kuhesabu punje mtafika kwenye kuhesabu utakatifu. Watu waombe na kufunga, umoja utakuja.

#18 Mwalimu_Mstaafu
Ndugu Mlinzi, naheshimu hofu yako, ina msingi. Lakini kitabu cha Hesabu kinaanza na Mungu mwenyewe akimwagiza Musa awahesabu wana wa Israeli. Hata Yoabu alipomzuia Daudi hakusema kuhesabu ni haramu, alimuuliza kwa nini anataka. Na kwenye Ufunuo sura ya 2 na 3 Bwana anayapima makanisa saba, moja moja, na kila moja analiambia anachokijua juu yake. Smirna na Filadelfia tu ndiyo hayakukemewa.

Mimi ninachoogopa ni kingine: Hesabu 13. Wapelelezi kumi na wawili waliingia nchi moja, wakaona zabibu zilezile na majitu yaleyale, wakarudi na taarifa mbili. Kipimo kikishafanyika, Katibu, mtagombania maana yake. Mhasibu ataona hela, Mtandi_Juu ataona koo, kijana ataona spika. Mjiandae kwa hilo.

#19 Mlinzi_wa_Lango
Daudi alikuwa na kwa nini yake. Na baraza la wazee la Katibu nalo lina kwa nini yake, hamjauliza.

#20 Mhasibu_Masasi
Hapo Mlinzi kasema la maana. Kama mnapima ili mpate wa kumlaumu, acheni.

#21 BibiWaNewala
Hamjambo tena. Mmeandika mengi, mjukuu amenisomea mpaka koo limekauka.

Mbona mnahangaika na makopo wakati watu mnao? Nendeni msibani. Mtu akifa usiku, asubuhi maji yameshachotwa. Kuni zipo. Vijana wako kaburini wanachimba. Wanaume wamefunga turubai, sufuria zimetoka nyumba sita, na baadaye kila sufuria inarudi kwake. Hakuna tangazo lililosomwa, hakuna kikao. Ni watu walewale mnaowaita wavivu. Na siyo Wakristo peke yao, jirani zetu Waislamu wanakuja na majembe, na wao wakifiwa tunakwenda. Kwa hiyo kufanya kazi pamoja watu wanajua tangu wanazaliwa. Ulizeni kwa nini kazi hiyo inaishia kaburini na Jumamosi haifiki kwenye nyumba ya mchungaji.

#22 NesiLindi
Bibi, shikamoo. Hapo umenisimamisha.

#23 Mtandi_Juu
Ndiyo nilichosema mwanzo, Bibi. Msibani ni ukoo.

#24 BibiWaNewala
Marahaba Nesi. Mtandi, wanaokuja na majembe kutoka msikitini ni ukoo wangu?

#25 Mhasibu_Masasi
Mimi naona ni hela tena, samahani kwa kurudia. Msibani kuna daftari la rambirambi. Linasomwa hadharani, siku hiyohiyo, mbele ya wote: fulani ametoa kiasi fulani, jumla ni hii, sanda imechukua kiasi hiki, mchele kiasi hiki, kilichobaki anakabidhiwa mfiwa. Hakuna anayelala na wasiwasi. Kwenye ujenzi unatoa leo, utasikia habari zake baada ya miezi mitatu, labda.

#26 Muumini_Ndanda
Mhasibu, hapana, kuna sababu nyepesi zaidi. Msiba una mwisho. Siku tatu umemaliza, unarudi shambani. Ujenzi wa kanisa hauna mwisho, ukimaliza nyumba ya mchungaji wanaanza ukumbi, ukimaliza ukumbi wanaanza mnara. Mtu anachoka kabla hajaanza.

Na nyingine: usipokwenda kwa mwenzako, siku yako utachimba peke yako. Kwenye linta usipokuja hupungukiwi kitu.

#27 MtotoWaNachi
Nyingine: msibani kijana unapewa kazi ya maana. Tunachimba sisi, tunashusha sisi. Kanisani tunapewa kupanga viti.

#28 Shangani_Pwani
Na msibani kuna wali na maharage. Nasema kweli, msaragambo wa kwetu watu walipikiwa ming'oko na chai, waliokuja walikuwa wengi kuliko siku zote.

#29 Mikindani_Kale
Ming'oko na chai saa ngapi? Nauliza kwa ajili ya utafiti.

#30 MtotoWaNachi
Huyu wa Mikindani usimpe ramani, atamaliza ming'oko yote kabla tofali halijapanda 😂

#31 Ligula_B
Nimechelewa. Niseme la usharika wetu wa zamani, sitautaja. Walikuja watu wenye mpango mzuri, wakatuuliza maswali kwa makundi, tukasema ya moyoni. Mama mmoja alisema mpaka akalia kuhusu jinsi wajane wanavyosahauliwa kwenye mgao wa chakula. Taarifa ikaandikwa, ikafungiwa kabatini ofisini. Hatukurudishiwa hata ukurasa mmoja. Tangu hapo ukiwaambia watu toeni maoni wanakutazama tu. Katibu, kama hamna nia ya kuwarudishia watu walichosema, ndani ya mwezi huohuo, msiwaulize. Mtaharibu hata kidogo kilichopo.

#32 Mwalimu_Mstaafu
Ligula_B, habari ya wajane iko Matendo 6 karibu vilevile. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume waliwaambia watu wachague saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Kazi ilikabidhiwa upande wa waliolalamika. Hakuna aliyeambiwa asubiri taarifa.

#33 Katibu_Kusini
Wakuu, asanteni. Nimemsomea mchungaji uzi huu. Amefurahi sana kwa ya Nesi, na Novemba ameifuta, tunakwenda Februari. Amekubali taarifa ya ujenzi isomwe na maswali yaulizwe kabla ya kipimo chochote, ingawa wazee wawili wamekasirika kwamba nimetoa mambo ya usharika nje.

Bado tunabishana juu ya mambo mawili. Wazee wanataka kuwepo wakati punje zinahesabiwa. Na mchungaji ameuliza swali kwa Bibi: msibani nani anaamua nani achote maji na nani apike?

#34 Mhasibu_Masasi
Wazee wakae kama wengine, ila asihesabu mzee. Ahesabu mwanafunzi wa sekondari kwa sauti, mbele ya watu.

#35 Ligula_B
Mimi nasema wasiwepo kabisa kwenye zamu ya wanawake. Akiwepo baba mkwe pale nje, hiyo mbaazi itaingia kopo gani?

#36 BibiWaNewala
Mwambie mchungaji jikoni kuna mkubwa wa jiko. Hakuchaguliwa kwa kura, ila kila mama anamjua, akisema chumvi bado, bado. Kwa wanaume vilevile, kuna mmoja akishika jembe wengine wanasimama. Hao sidhani kama wamo kwenye baraza lenu. Waiteni, wapeni chai, muwaulize wao nyumba ya mchungaji imekwama wapi.

#37 Mtandi_Juu
Bibi, kwetu Masasi mkubwa wa jiko ni dada mkubwa wa ukoo wa marehemu, siyo yeyote tu.

#38 NesiLindi
Kwetu Lindi mjini siku hizi kamati ya mtaa ndiyo inagawa kazi, na kuna daftari lake, asiyechangia hazikiwi na kamati. Kwa hiyo ya Bibi na ya Mtandi_Juu sijui kama yanafika mjini. Katibu, usharika wenu uko mjini au kijijini?

#39 Katibu_Kusini
Nusu kwa nusu. Watumishi na watu wa bandari wako upande wa barabarani, wenyeji upande wa mashambani. Kwaya mbili nazo zimegawanyika hivyohivyo, sasa hivi ndiyo naliona.

#40 MtotoWaNachi
Spika ziko upande gani?